Wiki ya watani wa jadi kwenye futiboli ya vyuo Marekani: jinsi ya kuiangalia na kumnusa mapema mkubwa anayeenda kulala

Kila ikifika mwisho wa Novemba wale wenye ndugu Marekani mnaanza kuona status za ajabu ajabu. Mtu mzima na kazi yake kabandika utepe mwekundu juu ya kila herufi M aliyoiona, mwingine kapost miti imefunikwa na toilet pepa na anashangilia kama kashinda uchaguzi. We unabaki unajiuliza hawa wamepatwa na nini. Ni futiboli ya vyuo hiyo, ile ya mpira wa yai, na hiyo ndo wiki ya watani wa jadi. Hapa nakuelekeza namna ya kuiangalia bila kupotea, na zaidi namna ya kunusa kwamba timu kubwa leo inaenda kuduwazwa na katimu fulani kenye msimu mbovu, maana raha yenyewe iko hapo. Siri naitoa mwanzoni kabisa kwa wenye haraka: acha kumkodolea macho kwotabeki (yule anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira) muda wote, mwangalie mpiga mateke.

Tuanze na kalenda. Msimu unaanza mwishoni mwa Agosti, kila timu inacheza mechi 12 za kawaida, na mechi ya mwisho wengi wanawekewa mtani wao makusudi. Wiki yenyewe ni ile ya Thanksgiving, sikukuu yao ya shukrani, ambayo huwa Alhamisi ya nne ya Novemba, kwa hiyo mechi zinaanza Alhamisi usiku, Ijumaa zipo nyingi tu, halafu Jumamosi ndo mafuriko. Jumamosi inayofuata ni fainali za makundi (wao wanaita konferensi), na baada ya hapo wanabaki Army na Navy, vyuo vya jeshi la nchi kavu na la majini, wanacheza peke yao mwezi Disemba nchi nzima inawatazama wao tu. Hawa wameanza kumenyana tangu 1890.

Saa sasa, hapa ndo wengi wanapotea. Ratiba zote zinaandikwa kwa saa za New York. Kwa sisi wa Dar, Nairobi na Kampala, kuanzia Jumapili ya kwanza ya Novemba wenzetu wanarudisha saa zao nyuma na tofauti inakuwa masaa 8, ila usihangaike na hesabu, chukua saa ya New York ongeza 2 na umepata saa ya Kiswahili moja kwa moja. Mechi ya saa sita mchana kwao (wao wataandika 12:00) ni saa 2 usiku kwetu, ya 9:30 alasiri yao (wao wataandika 3:30) ni saa 5 na nusu usiku, ile ya usiku ya 7:30 inakuangukia saa 9 na nusu alfajiri na hiyo niachie mimi nisiye na kazi Jumapili. Walioko Kigali, Bujumbura, Goma na Lubumbashi ongezeni 1 badala ya 2, wa Muscat ongezeni 3. Bahati nzuri Michigan na Ohio State kwa desturi wanaanza saa sita mchana yao, kwa hiyo ni mechi ya kuangalia baada ya chakula cha usiku kama mtu mwenye akili timamu.

Sheria nakupa za kukutosha tu. Uwanja una yadi 100, timu yenye mpira ina majaribio 4 ya kusogea yadi 10, ikisogea inapewa mengine 4, isiposogea mpira unaenda kwa wenzao. Kuingiza mpira kwenye eneo la mwisho ni tachidauni, pointi 6, halafu unapewa teke la nyongeza la pointi 1. Ukikwama karibu unaweza kupiga teke mpira upite katikati ya milingoti, hiyo fildi goli, pointi 3. Robo 4 za dakika 15, ila saa inasimama simama kwa hiyo mechi inakula masaa matatu na nusu, andaa chai ya maana. Hayo yanatosha, mengine utayajua kwa kuuliza na kutukanwa kwenye magrupu.

Halafu uelewe kwa nini kufungwa mwishoni mwa msimu kulikuwa msiba. Kuanzia 1998 mpaka msimu wa 2013 bingwa wa nchi alipatikana kwa kuchukua timu 2 tu, zilizochaguliwa kwa kura na kompyuta, zikacheza fainali. Timu mbili, kati ya zaidi ya mia! Ukipoteza Septemba una muda wa kujisafisha, ukipoteza wiki ya mwisho umekwisha. Baadae wakaongeza ziwe 4, na kuanzia msimu wa 2024 ni 12. Hii nitairudia chini kwa sababu imebadilisha ladha ya mambo na sio wote wameipenda.

Sasa twende kwa mpiga mateke. Huyu ni kijana wa chuo, ana miaka 19 au 20 hivi, mechi nzima amekaa benchi amevaa koti, hachezi na mtu, hagusani na mtu, halafu zikibaki sekunde chache anaitwa aokoe kazi ya wenzake 80 mbele ya watu laki moja. Na kitu ambacho watu wengi hawakijui, kwenye vyuo kazi yake ni ngumu kuliko ya wale wa kulipwa wa NFL. Milingoti ni ile ile upana wake, lakini ile mistari ya ndani inayoamua mpira unawekwa wapi, kwenye vyuo imeachana futi 40, NFL ni kama futi 18 na nusu. Maana yake mchezo ukiishia pembeni, teke la chuoni linapigwa kwa pembe mbaya, na kadiri unavyokaribia milingoti ndo pembe inazidi kuwa mbaya. Ndo maana utaona kijana anakosa teke la yadi 20 ambalo kwa macho unasema hata mi ningepiga. Usingepiga bana.

Mfano mtamu kuliko yote kwangu ni wa tarehe 1 Disemba 2007. West Virginia walikuwa namba 2 nchini, wako nyumbani Morgantown, wakishinda tu wanaenda fainali ya taifa. Mgeni ni Pittsburgh, mtani wao wa jirani kabisa, amekuja na rekodi ya kushinda 4 kufungwa 7, msimu umeshamfia mkononi. Wakamaria walimpa West Virginia ushindi wa zaidi ya pointi 28. Robo ya pili kwotabeki wao Pat White akateguka kidole gumba na mashambulizi yakafa hapo hapo, Pitt wao wakawa wanampa mpira kijana LeSean McCoy akimbie nao, akimbie tena, akimbie tena, yadi 148 usiku ule, saa inakwenda, uwanja umeanza kunyamaza. Na mateke? Mpiga mateke wa West Virginia alikosa mawili ya karibu kabisa, la yadi 20 na la yadi 32. Jumla pointi 6. Mechi imeisha 13 kwa 9, fanya hesabu mwenyewe. Yule kijana anaitwa Pat McAfee, ndiyo, huyo huyo anayevaa singlendi na kupiga kelele kwenye ESPN kila siku, leo ni tajiri na analizungumzia akicheka. Usiku huo huo namba 1 Missouri akakandwa 38-17 na Oklahoma, mikeka ikachanika nchi nzima, na LSU waliokuwa wameshafungwa mara mbili wakajikuta wako fainali na wakabeba.

Ukishajua cha kuangalia utaona kitu hicho hicho kila kona. Boise State 2010, Ijumaa baada ya Thanksgiving, wameshinda mechi 24 mfululizo, wanaongoza 24-7 mapumziko ugenini kwa Nevada ambao kwotabeki wao ni Colin Kaepernick, yule yule aliyekuja kupiga goti baadae wakati wa wimbo wa taifa. Nevada wakarudi mpaka 31-31, Boise wakapata teke la yadi 26 muda umebaki kiduchu, likapita pembeni. Muda wa nyongeza wakapata lingine la yadi 29, nalo nje. Nevada 34, Boise 31. Jina la mpigaji silitaji, kashateseka vya kutosha. Mwaka 2011 Oklahoma State namba 2 wakapigwa na Iowa State 37-31 baada ya nyongeza mbili, na mwishoni mwa muda wa kawaida walikosa teke la yadi 37 ambalo mpaka leo kuna watu Oklahoma wanaapa liliingia. 2019 Alabama wako Auburn, teke la yadi 30 likagonga mlingoti dakika 2 za mwisho, Auburn 48-45.

Egg Bowl ya 2019 ndo kituko cha karne lakini. Ole Miss na Mississippi State, watani wa jimbo moja, Alhamisi ya Thanksgiving yenyewe. Ole Miss wako nyuma 21-14 sekunde 4 zimebaki, Elijah Moore anadaka mpira, tachidauni, 21-20, kinachotakiwa ni teke la nyongeza la kawaida tu waende muda wa ziada. Sasa Moore kwa furaha akapiga magoti akatambaa akainua mguu mmoja kama mbwa anakojoa, kwa sababu wapinzani wao nembo yao ni mbwa. Refa kitambaa chini, adhabu yadi 15, teke likasogezwa nyuma, mpigaji akakosa. Wamelala 21-20 na siku chache mbele kocha kafukuzwa kazi. Ila nikiri nikiiangalia tena YouTube bado nacheka.

Iron Bowl (ndo jina la mechi ya Alabama na Auburn) ya 2013 lazima niitolee nafasi yake. Ukitaka kuelewa mchezo huu angalia dakika ile ya mwisho na uisimamishe simamishe. Alabama ni namba 1, wametoka kubeba ubingwa wa taifa misimu miwili mfululizo. Auburn ni namba 4, lakini mwaka mmoja nyuma walikuwa wamemaliza na ushindi wa mechi 3 tu na Alabama hao hao wamewapiga 49-0. Mechi iko kwa Auburn. Zimebaki sekunde 32 Auburn wanasawazisha, 28-28. Alabama wanapata mpira, wanasogea, mkimbiaji wao anatoka nje ya mstari, saa inasoma sifuri, watu wameanza kujiandaa na nyongeza. Kocha Nick Saban anagoma, anataka wapitie video, marefa wanapitia, wanarudisha sekunde 1. Moja!

Kwa sekunde hiyo Saban anaamua kupiga teke la yadi 57. Mpigaji wake wa kawaida ameshapiga mara 3 usiku ule na hamna hata moja lililoingia, kwa hiyo anamleta kijana mwingine mwenye mguu mzito. Hapa simamisha video, tazama wachezaji 11 wa Alabama walioko uwanjani: ni majitu manene, mabeki wa kuzuia, wamewekwa pale kumlinda mpigaji, hakuna anayeweza kumkimbiza mtu. Halafu angalia nyuma kabisa chini ya milingoti, Auburn wamemweka Chris Davis amesimama peke yake. Sheria inasema teke likiwa fupi likadakwa, mpira uko hai, kimbia nao. Teke likawa fupi. Davis kadaka karibu na mstari wa nyuma kabisa, kakata kushoto, kapita pembeni ya mstari, yale majitu yanamwangalia anavyopita, yadi 109 mpaka mwisho. 34-28, saa sifuri, uwanja mzima umevamiwa na mashabiki. Watu wanaita Kick Six. Sekunde aliyoiomba Saban mwenyewe ndo iliyomuua.

Kwa hiyo somo la pili linazaliwa hapo hapo: angalia saa. Stanford walijifunza hilo 1982 dhidi ya Cal (chuo cha California, Berkeley), John Elway akiwa kwotabeki wao. Wakapiga fildi goli ya kuongoza 20-19 lakini wakaacha sekunde 4. Cal wakapokea mpira wakaanza kupasiana kwenda nyuma, mmoja kwa mwingine, pasi 5, na katikati ya kizaazaa bendi ya Stanford ikadhani mechi imeisha ikaingia uwanjani na matarumbeta yao. Kevin Moen akapita katikati ya wapiga tarumbeta, akafunga, akamgonga mpiga tromboni mpaka chini. 25-20. Itafute, inaitwa The Play.

Dalili za mkubwa kulala sasa, kwa mpangilio wangu mimi. Kwanza kabla ya mechi fungua takwimu za mpiga mateke wa timu kubwa, ukiona amekosa kosa wiki mbili tatu zilizopita weka alama. Pili cheki ripoti ya majeruhi ya kwotabeki. Tatu hali ya hewa, Novemba kule kaskazini kuna baridi na upepo, mpira unakuwa mgumu kama jiwe. Nne na hii ndo kubwa: mechi ikianza, angalia timu ndogo inacheza vipi. Ikiwa inakimbia na mpira badala ya kurusha, inasogea yadi 3, yadi 4, inachelewesha kila kitu, jua wanajua wanachofanya. Mpira ukikimbizwa saa haisimami, na tangu 2023 saa haisimami hata ukipata majaribio mapya isipokuwa dakika 2 za mwisho za kila kipindi, kwa hiyo mkubwa anapata nafasi chache za kushambulia na tofauti ya vipaji haionekani. Mpaka robo ya nne matokeo yakiwa 10-10, mkubwa anaanza kushika kichwa. Mambo ya rekodi ya msimu usiyape uzito sana, ni kama Simba na Yanga, mwenye hali mbaya siku hiyo anaamka.

Jaribu dalili hizo kwa mechi ya tarehe 30 Novemba 2024. Ohio State namba 2, wako kwao Columbus, wanapewa ushindi wa karibu pointi 20. Michigan wana ushindi 6 na vipigo 5, kocha aliyewapa ubingwa kaondoka kwenda NFL, kwotabeki naye kaondoka. Michigan walirusha mpira wakapata yadi 62 tu mechi nzima, ambayo ni aibu kwa kweli, lakini Kalel Mullings alikimbia zaidi ya yadi 100 na saa ikawa inaliwa. Mpigaji wa Ohio State alikosa mawili. Mpigaji wa Michigan, Dominic Zvada, akapiga la yadi 21 zimebaki sekunde 45. 13-10. Halafu Michigan wakaenda kuchomeka bendera yao katikati ya uwanja wa watu, ngumi zikaanza, polisi wakapuliza dawa ya pilipili.

Ila sasa kumbuka nilichosema juu ya timu 12. Enzi za timu 2 Ohio State wangekuwa wamezikwa siku ile. Kwa mfumo mpya wakaingia mchujo kama namba 8, wakapiga kila aliyekuja, na Januari 2025 wakawafunga Notre Dame 34-23 wakawa mabingwa wa taifa. Mashabiki wa Michigan watakwambia sisi tulimpiga bingwa, wa Ohio State watakwambia sisi tuna kombe, na wote wawili hawalali vizuri. Mi naona utamu umepungua kidogo, kumuua mtani ilikuwa kumuua kweli, sa hivi unamjeruhi anaenda kupona. Lakini chuki ya jirani haijapungua hata chembe. Ule utepe mwekundu ni watu wa Ohio State, wanafuta M ya Michigan. Ohio State akimfunga Michigan kila mchezaji anapewa kidani kidogo chenye umbo la suruali ya dhahabu, desturi ya tangu miaka ya 30, na kuna waliomaliza chuo bila hata kimoja. Ile toilet pepa mtini ni Auburn, wakishinda wanaenda njia panda ya Toomer's kuirusha juu ya miti, na baada ya Iron Bowl ya 2010, Auburn walipotoka nyuma 24-0 wakashinda 28-27, shabiki mmoja wa Alabama akaenda kuitilia sumu ile mialoni ikafa, akafungwa. Miti!

Kama uko Marekani na unataka kwenda uwanjani, tiketi za wiki hii ni ghali, nunua mapema au subiri masaa machache kabla ya mechi bei ikishuka, hapo katikati usiguse. Begi liwe la plastiki inayoonyesha ndani, vinginevyo unarudishwa kwenye gari, na gari lako liko mbali kwa sababu Michigan peke yake uwanja unabeba watu zaidi ya laki moja na elfu saba. Vaa nguo juu ya nguo. Na usivae rangi ya wapinzani eti kwa sababu ndo jaketi pekee la joto ulilonalo, azima kwa jirani.

Ukiwa na nafasi ya kuangalia mechi moja tu ya kuanzia, chagua Iron Bowl kwenye miaka ya namba witiri, kwa sababu ndo inachezwa Auburn na pale Alabama anateseka hata akishinda. 2021 alihitaji nyongeza 4 kutoka na 24-22. 2023 alikuwa nyuma, jaribio la nne na yadi 31 za kutafuta, zimebaki sekunde 43, Jalen Milroe akarusha mpira kona ya eneo la mwisho Isaiah Bond akadaka, 27-24. Miaka ya namba shufwa nenda na Michigan, wanakuwa wageni wa Ohio State Columbus, saa 2 usiku kwa saa zetu. Na wakati wengine wanatazama marudio ya tachidauni, we tafuta kwa macho yule kijana mwenye koti pembeni anayepiga mpira kwenye wavu wa mazoezi, ukiona kocha haendi kuongea naye kabisa robo ya nne nzima, usilale.